Kutoka Sputnik hadi Nyari: Kiitaliano cha Marafa kilitoka wapi?

Alasiri, jua la Marafa likianza kupunguza ukali, magari ya watalii kutoka Malindi na Watamu huwasili moja baada ya jingine kwenye ukingo wa Nyari, lile bonde la mchanga mwekundu, mweupe na wa rangi ya chungwa ambalo wageni wamelipachika jina la Jiko la Jehanamu. Watalii hushuka, kofia kichwani, chupa za maji mkononi. Vijana wanaowaongoza hutega sikio kwanza. Waingereza hukaribishwa kwa Kiingereza, Wajerumani hutupiwa salamu za Kijerumani. Waitaliano, ambao wamekuwa nguzo ya utalii wa ukanda huu kwa miongo kadhaa, husimuliwa kwa Kiitaliano kisa cha tajiri aliyeoga maziwa hadi Mungu akalididimiza boma lake ardhini.

Kiitaliano hicho hakikutoka shuleni. Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, una Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Mtaala mpya wa umilisi umeongeza Kichina. Kiitaliano hakimo. Mtoto wa Magarini, eneo ilimo Marafa, anaweza kusoma tangu chekechea hadi kidato cha nne bila kufundishwa hata salamu moja ya lugha iliyoandikwa kwenye mabango ya mikahawa na maduka mjini Malindi. Hata hivyo, wapo vijana wa Kigiriama ambao hawakuwahi kuona darasa la Kiitaliano na wanakiongea kiasi cha kumchekesha mgeni, kumtuliza akiogopa mteremko, na kukubaliana naye bei.

Walikipataje? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu nchi tajiri zilitumia fedha nyingi sana katika karne iliyopita kutafuta mashine ya kufanya kazi hiyo hiyo: kumtia mtu lugha ya kigeni kinywani kwa njia ya sikio. Mashine hiyo iliitwa maabara ya lugha. Na ukifuatilia historia yake utagundua kwamba maabara hizo na Waitaliano wa Malindi walisukumwa na upepo mmoja, yaani mashindano ya kwenda angani.

Roketi zilizobadilisha madarasa

Tarehe 4 Oktoba 1957, Muungano wa Kisovieti ulirusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kuizunguka dunia. Marekani ilishtuka. Wanasiasa wake walijiuliza wamelala wapi hadi mpinzani akawatangulia, na sehemu ya lawama iliangukia shule. Chini ya mwaka mmoja baadaye, Septemba 1958, Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Sheria hiyo ilimwaga fedha katika hisabati, sayansi na lugha za kigeni. Kwa msaada wake shule za Marekani zilijenga maabara za lugha kwa maelfu katika muda wa miaka michache, na vyuo vikuu vikapata fedha za kufundisha lugha ambazo awali havikuzijali, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo.

Upande wa pili, Italia nayo ilitaka kufika angani. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alibuni mpango wa kurushia roketi baharini karibu na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia wenyewe hukipa chombo msukumo wa ziada. Mahali palipochaguliwa ni Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Tarehe 26 Aprili 1967, satelaiti ya San Marco 2 ilipaa kutoka jukwaa lililosimamishwa juu ya maji ya Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikafuata satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei angani, nayo ikapewa jina la Uhuru. Urushaji wa satelaiti kutoka hapo uliendelea hadi 1988, na kituo chenyewe kingalipo hadi leo.

Wahandisi na mafundi wa Kiitaliano walikula, wakalala na kustarehe Malindi. Wengine walirudi na familia zao, wengine wakajenga. Nyuma yao wakaja wenye hoteli, wapishi wa piza, wastaafu na ndege za kukodi zilizojaa watalii. Kufikia miaka ya 1980, Malindi ilikuwa imeshaitwa Italia Ndogo. Kutoka Malindi, barabara ya vumbi ilimfikisha mtalii Marafa, katika eneo lile lile la Magarini ambako Ngomeni ipo. Hivyo mbio za angani zilijenga maabara Marekani, na pwani ya Kenya zikaleta wasemaji wenyewe. Hayo yakawa majaribio mawili ya kufundisha lugha kwa sikio, ingawa hili la pili hakuna aliyelipanga.

Ndani ya vibanda

Mbinu iliyotumika maabarani ilitangulia Sputnik. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilihitaji watu wa kuongea Kijapani, Kijerumani, Kirusi na lugha nyingine upesi, si watu wa kutafsiri vitabu vya kale. Mpango wake wa 1943 uliweka vikundi vidogo vya askari mbele ya msemaji wa lugha husika, wakasikiliza na kuiga kwa saa nyingi kila siku. Wanaisimu kama Leonard Bloomfield walikuwa wameandaa msingi, na Charles Fries wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa akifundisha Kiingereza kwa mkondo huo huo. Saikolojia ya wakati ule ikaongeza nguvu. Wafuasi wa B. F. Skinner waliamini kwamba lugha ni tabia kama tabia nyingine: kichocheo, itikio, tuzo, kisha kurudia mpaka izoeleke.

Kutokana na hayo kukapatikana kanuni. Sikiliza kabla ya kusema, sema kabla ya kusoma, soma kabla ya kuandika. Kariri mazungumzo mafupi. Usielezwe sarufi, iache iingie yenyewe kwa mazoezi. Kosa likomeshwe papo hapo lisije likaota mizizi. Lugha ya nyumbani iachwe mlangoni.

Kinasa sauti cha ukanda kilipoenea baada ya vita, kanuni hizo zilipata chombo chake. Maabara ya lugha ilikuwa chumba chenye safu za vibanda vidogo vilivyotengwa kwa mbao. Kila kibanda kilikuwa na hedifoni na maikrofoni. Mwalimu alikaa mbele kwenye meza yenye swichi, akimsikiliza yeyote bila wengine kujua. Katika maabara za bei ya chini mwanafunzi alisikia na kujibu tu. Katika zile za bei ghali alirekodi sauti yake, akailinganisha na ya msemaji wa kwenye ukanda. Zoezi la kawaida lilikuwa na hatua nne: ukanda unatoa kidokezo, mwanafunzi anajibu, ukanda unatoa jibu sahihi, mwanafunzi analirudia.

Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizopitishwa katika tanuri hilo. Mwanaisimu Earl Stevick, akifanya kazi na Taasisi ya Huduma za Kigeni ya Marekani, aliandaa kozi ya msingi ya Kiswahili pamoja na J. G. Mlela na F. N. Njenga mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kozi hiyo ilifuatana na kanda za kusikiliza, na wanadiplomasia waliokuwa wakijiandaa kuja Afrika Mashariki waliitumia. Mwaka 1966 yakafuata masomo mengine ya Kiswahili yaliyowalenga pia vijana wa kujitolea wa Peace Corps, shirika lililokuwa limeanza kuwatuma Tanganyika tangu 1961.

Na kusema kweli, Kiswahili kinaonekana kama kiliumbwa kwa ajili ya mazoezi ya aina hiyo, kwa sababu ya ngeli zake. Ukanda unasema, “Kisu changu kimepotea.” Kisha unatoa neno moja: visu. Mwanafunzi anajibu, “Visu vyangu vimepotea.” Ufunguo? “Ufunguo wangu umepotea.” Funguo? “Funguo zangu zimepotea.” Mzigo? “Mzigo wangu umepotea.” Baada ya nusu saa upatanisho wa kisarufi unatoka wenyewe bila kufikiri, na hilo si jambo dogo. Mgeni aliyesoma ngeli kwenye jedwali hubabaika kila akifika kwenye kitenzi.

Kasoro nayo iko hapo hapo. Mwanafunzi huyo amepoteza kisu, ufunguo na mzigo kwa nusu saa nzima, wala hakuna aliyemuuliza amevipotezea wapi.

Pwani iliujua mtindo huu zamani

Kwa msomaji wa Malindi au Mambrui, habari ya kuiga sauti kwanza na kupata maana baadaye haina ugeni wowote. Chuoni, yaani madrasa ya Kurani, mtoto anakaa mkekani mbele ya maalimu, anasikia, anarudia, anasahihishwa makhraji, anarudia tena. Huhifadhi juzuu nzima kabla hajajua maana ya aya zake. Miaka ikipita, akipenda kuendelea, huingia darsa akafunzwa nahau na tafsiri. Matokeo yake yanajulikana pwani yote. Wapo watu wengi wanaotamka Kiarabu cha Kurani kwa ufasaha wa kusifika, na ambao ukiwaamkia kwa Kiarabu cha sokoni Muscat watakuomba uongee Kiswahili.

Hakuna wa kuulaumu mfumo huo, maana lengo la chuo ni kisomo, na kisomo kinapatikana. Maabara za Marekani ndizo zilizokuwa na tatizo. Zilitumia mtindo wa kuhifadhi, kisha zikaahidi mazungumzo.

Ahadi hiyo ilianza kutiliwa shaka mapema. Mwaka 1959, mwanaisimu kijana aliyeitwa Noam Chomsky alichapisha uhakiki mkali wa kitabu cha Skinner kuhusu lugha. Alieleza kwamba binadamu hutunga kila siku sentensi ambazo hajawahi kuzisikia, kwa hiyo lugha haiwezi kuwa tabia ya kuzoezwa tu. Mwaka 1963, utafiti wa Raymond Keating wa Chuo Kikuu cha Columbia uliwakasirisha wauzaji wa mitambo, kwani katika shule alizochunguza wanafunzi waliotumia maabara hawakuwashinda wasioitumia, na pengine walibaki nyuma. Mwaka uliofuata Wilga Rivers, mwanazuoni kutoka Australia, aliihoji misingi ya kisaikolojia ya mbinu yenyewe. Kufikia 1970, ripoti ya mradi mkubwa wa jimbo la Pennsylvania ilihitimisha kwamba maabara, kwa jinsi zilivyotumika katika shule hizo, hazikuleta tofauti ya kuonekana.

Stevick mwenyewe alibadilika. Mtu aliyeandaa kozi za mazoezi ya ngeli alichapisha mwaka 1976 kitabu kuhusu kumbukumbu, maana na mbinu, na tangu hapo akajulikana zaidi kwa kushikilia kwamba kufaulu kwa mwanafunzi hakutegemei sana vifaa wala uchambuzi wa sarufi. Kwake, kilichokuwa na uzito ni yale yanayotokea ndani ya watu walio darasani na baina yao.

Redio badala ya maabara

Huku kwetu maabara hazikuenea mashuleni. Vyuo vikuu vilipata zake, lakini shule ya msingi ya kijijini isiyo na umeme isingeweza hata kuziota. Falsafa ya kuiga na kurudia, hata hivyo, ilifika kwa njia nyingine.

Mwanzoni mwa 1961, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza. Mwanaisimu Robert Phillipson, katika kitabu chake cha 1992, aliorodhesha imani alizoona zilijengeka katika mkutano ule: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba mtoto akianza mapema zaidi na kupewa saa nyingi zaidi ataelewa zaidi, na kwamba lugha nyingine zikitumika Kiingereza kitashuka. Kila aliyesoma Kenya na kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kigiriama au Kiswahili uwanjani anaujua mtazamo huo, hata kama hajasikia habari za mkutano wa Makerere.

Jaribio lililokuwa na busara zaidi lilikuja miaka ya 1980. Kwa ufadhili wa shirika la misaada la Marekani, Wizara ya Elimu na Taasisi ya Elimu ya Kenya ziliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika shule za msingi za mashambani, kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu. Sauti redioni iliuliza, kisha ikanyamaza kwa sekunde chache ili watoto wajibu kwa pamoja, kisha ikatoa jibu. Ilikuwa maabara ya lugha isiyo na vibanda, redio moja kwa darasa zima. Tathmini zilionyesha watoto hao walipiga hatua hasa katika kusikiliza na kusoma. Siri mojawapo ni kwamba redio iliwaagiza pia wasimame, waelekeze kidole, wafungue mlango, waimbe. Kila sauti ilifungwa kwenye tendo, na mwalimu wa darasa alikuwapo kuziba pengo redio iliponyamaza.

Hata tasnia ya utalii ilivumbua zoezi lake bila kumuuliza mtaalamu yeyote. Wimbo wa “Jambo Bwana” wa kundi la Them Mushrooms, uliotoka mwaka 1982 katika mazingira ya hoteli za pwani, umejengwa kama somo la kwanza la kozi ya lugha: salamu, kuulizana hali, jibu, makaribisho, kisha rudia. Watalii wasiohesabika wameondoka Kenya wakiwa na Kiswahili hicho tu, na wamekitunza kwa miaka kwa sababu kilipanda ndege kikiwa na mdundo.

Mgeni anapouliza swali

Turudi Marafa. Kijana anayeanza kazi ya kuongoza watalii hupitia, bila kujua, hatua zile zile za maabara. Humfuata mzoefu nyuma nyuma, anasikia kisa cha maziwa kikisimuliwa kwa Kiitaliano mara nyingi hadi akakishika. Anajua ni wapi pa kuonyesha tabaka jeupe na kutaja maziwa, na ni wapi pa kuonyesha jekundu na kutaja damu ya waliodidimia na boma. Anazoea kuonya kuhusu mteremko, kuhimiza mwendo wa pole, kutaja bei. Akitoka hapo ana mazungumzo aliyoyahifadhi kama askari wa 1943.

Anasaidiwa pia na bahati ya lugha yenyewe. Neno la Kiitaliano karibu kila mara huishia kwa vokali, kama la Kiswahili na la Kigiriama. Kinywa cha pwani hakipati tabu kubwa hapo, tofauti na Kijerumani ambacho huzirundika konsonanti mwishoni mwa neno.

Kisha mgeni anauliza swali. Kisa cha Nyari kina toleo jingine, linalosema wanakijiji walionywa wahame, wakahama wote isipokuwa bikizee mmoja aliyekataa katakata. Mtalii anapouliza bikizee huyo alikuwa na watoto, au mbona hawakumbeba kwa nguvu, au kama mwongozaji mwenyewe anakiamini kisa hicho, maneno ya kuhifadhi yamefika mwisho. Kuanzia hapo kijana ama atatabasamu na kurudia sentensi aliyokwisha kuisema, ama atatafuta maneno, atakosea, mgeni atamsahihisha, wataendelea. Anayechagua njia ya pili kila siku ndiye anayekuwa msemaji. Kibanda cha mbao hakikuwa na mtu wa kuuliza kuhusu bikizee.

Kijana huyo ana jambo jingine ambalo mwanafunzi wa maabara hakuwa nalo, yaani sababu. Akieleweka analipwa, huenda akaongezewa bahshishi, na mgeni atampa rafiki anayekuja msimu ujao namba ya kijana huyo. Asipoeleweka, mgeni hupanda gari na kurudi Malindi. Hakuna swichi ya mwalimu yenye nguvu kama hiyo.

Lakini tusiwavishe vijana hawa taji wasilolihitaji. Kiitaliano cha kuokota kina mipaka yake, na mipaka hiyo inawagharimu fedha. Vitenzi hubaki katika umbo moja: jana, leo na kesho zinasemwa sawa. Anayeweza kusimulia kisa kwa dakika kumi huenda asiweze kuandika ujumbe wa mistari mitatu kumthibitishia mteja tarehe na malipo, kwa hivyo kazi ya kuandika inabaki kwa wakala wa mjini pamoja na sehemu kubwa ya pesa. Kiitaliano hicho pia hufuata msimu. Safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, darasa lilifungwa, kwa kuwa darasa lenyewe lilikuwa ni wageni.

Na matamshi, ijapokuwa vokali ni rafiki, yana mtego wake. Kiitaliano hutofautisha konsonanti moja na konsonanti iliyokazwa. Nono ni wa tisa, nonno ni babu. Pena ni adhabu, penna ni kalamu. Anno ni mwaka, na asiyeikaza ile “n” hutamka ano, sehemu ya mwili isiyotajwa mbele za watu. Kijana anayemuuliza mama wa Kiitaliano umri wake bila kukaza anaweza kumaliza msimu mzima akijiuliza mbona wageni wake hucheka. Kosa la namna hii halirekebishwi na mazungumzo, kwa kuwa mgeni muungwana haoni vyema kulitaja.

Hapa ndipo zoezi la maabara linapostahili heshima yake. Kusikia jozi hizo mara hamsini, kuzitamka, kujirekodi na kujilinganisha ni dawa iliyothibitika kwa sikio na ulimi. Kadhalika vitenzi vya wakati uliopita: kurudia miundo kwa mpangilio humtoa mtu kwenye mazoea aliyoyaokota. Walioivunja hadhi ya maabara walikuwa sahihi kwamba haizalishi wasemaji. Waliokosea ni wale waliotupa mazoezi yote pamoja na mitambo.

Maabara iliyo mfukoni

Kibanda, ukanda na hedifoni vilivyogharimu shule za Marekani fedha za serikali kuu vyote vimo leo ndani ya simu ya kijana wa bodaboda. Inarekodi, inarudia, inapunguza kasi ya sauti. Kinachokosekana ni cha kusikiliza kilichotengenezwa kwa ajili ya kazi yake. Programu za kujifunza lugha zinazopakuliwa bure humfunza kuagiza kahawa Roma na kuulizia kituo cha treni. Marafa hakuna treni. Anachohitaji ni kueleza mmomonyoko wa mchanga, kusimulia matoleo yote mawili ya Nyari, kujibu maswali kuhusu mila za Wagiriama, kumsaidia mtu aliyezidiwa na joto, na kuandika ujumbe wa kuthibitisha miadi.

Somo kama hilo linaweza kutengenezwa hapa hapa. Malindi na Watamu kuna wakazi Waitaliano, baadhi yao wastaafu wenye muda. Wapo pia wanaotaka kujua Kiswahili zaidi ya maneno ya kuagizia chakula. Napoli, chuo kikuu cha L'Orientale kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na mtaalamu wake wa fasihi, marehemu Elena Bertoncini Zúbková, aliwatungia Waitaliano kitabu cha kujifunzia alichokiita Kiswahili kwa Furaha. Kwa hiyo elimu ya kuunganisha lugha hizi mbili ipo tayari upande wa pili. Upande wetu kuna Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi, kilichopata hati kamili mwaka 2013, kuna vyuo vya ufundi vya kaunti, na kuna chuo cha utalii kilichopewa jina la Ronald Ngala kule Vipingo, ambacho ujenzi wake ulikokotwa kwa miaka mingi.

Kaunti ya Kilifi isije ikashawishiwa kununua maabara ya lugha yenye vibanda vya vioo na kompyuta arobaini ili ifunguliwe kwa utepe na kufungwa kwa kufuli. Historia imeshatoa hukumu juu ya vyumba vya aina hiyo. Fedha kidogo zaidi zinatosha kuwalipa waongozaji wazoefu wa Marafa, Gede na Watamu wakae na wasemaji wa Kiitaliano, warekodi mazungumzo halisi ya kazini pamoja na mazoezi ya matamshi, kisha sauti hizo zigawiwe bure kwa simu. Ziongezwe saa mbili kwa wiki za kukutana ana kwa ana, Mwitaliano akifunzwa Kiswahili saa moja na Mgiriama Kiitaliano saa moja, na mwalimu wa kueleza sarufi kwa Kiswahili bila kumwonea haya mtu. Mwisho pawe na cheti kinachotambulika, ili ujuzi uliopatikana njiani uhesabike mtu anapoomba kazi hotelini.

Nawe kijana unayesoma haya ukiwa Marafa, Ngomeni au Gongoni, usisubiri kaunti. Mgeni wa leo akikubali, rekodi kwa simu yako namna anavyotamka maneno kumi yanayokutatiza. Yarudie usiku mpaka yakae ulimini. Kesho mgeni mwingine akikuuliza kuhusu yule bikizee, usikimbilie sentensi uliyoihifadhi. Mjibu, hata kwa kukosea.